Kopo la Thon na Mama Mkwe

Ilipofika saa tatu ya asubuhi Claudette alikuwa ameshaingia na kutoka nyumbani kwake mara kumi na moja, na hakuwa na la kufanya ndani wala nje. Anaingia, anafunua sufuria tupu, anaifunika. Anatoka, anaketi kwenye cherehani yake pale barazani, anakanyaga mara tatu, anakata uzi, anasimama tena. Sketi ya mwalimu mmoja wa mtaa wao wa Kavimvira ilikuwa imelala chini ya sindano tangu juzi, zipu yake nusu. Acha ilale. Nani atashona zipu wakati mama yake mzazi anakufa njaa hatua mbili kutoka hapo, kwa hiari yake mwenyewe, tena anatabasamu?

"Kaa chini, mwanangu," alisema Mama Pudentienne kutoka kwenye mkeka wake. "Unanizungusha kichwa."

"Si minye nakuzungusha kichwa, Mama. Ni njaa."

"Njaa gani? Minye siko na njaa."

Alikuwa nayo. Mtu mzima akisema hana njaa huku macho yake yanamfuata kuku anayedonoa punje uani, sisi tusemeje? Mama Pudentienne alikuwa ametoka Katogota, kule kwenye bonde la Ruzizi, wiki moja iliyopita. Alikuja na fungu la nguo, bakuli la plastiki lenye karanga na mihogo ya kuchemsha, na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwandikia vidonge, akamwambia abaki Uvira mpaka Alhamisi apimwe tena. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kidonge asubuhi, kidonge mchana, na kila kidonge kikute chakula tumboni.

Na hapo ndipo palipokuwa na kisa. Nyumba ilikuwa ya Bonaventure, mume wa Claudette, na mama mkwe hali kwa mkwe wake. Hivyo ndivyo Mama Pudentienne alivyolelewa, na hakuna wa kumlea upya. Moto wa mkwe, sufuria ya mkwe, sahani ya mkwe, vyote ni aibu. Hata chai alikataa, kwa sababu maji yake yamechemkia kwenye moto uleule. Yeye na Bonaventure walikuwa na miaka tisa ya kuheshimiana bila kutazamana usoni. Mkwe akitokea mbele, yeye anageukia ukuta. Wakisalimiana, kila mmoja anasalimia miguu yake mwenyewe. Vijana wa mjini wanacheka mambo haya. Claudette naye alikuwa akicheka, kabla kicheko hakijaingia nyumbani kwake kikaketi kwenye mkeka.

Siku za kwanza hapakuwa na shida. Jirani yao Domitille ni mtoto wa ukoo mmoja na Mama Pudentienne, na kwake mama alikula mpaka akaomba nyongeza. Lakini Jumatano Domitille alivuka mpaka kwenda Bujumbura, binti yake anajifungua. Tangu hapo mama aliishi kwa bakuli lake, karanga chache asubuhi, kipande cha muhogo jioni. Asubuhi hii bakuli lilikuwa tupu, limeoshwa, limefunikwa juu ya fungu la nguo. Na fungu lilikuwa limefungwa.

"Gari ya Katogota inatoka saa saba," mama alisema, taratibu, kama anayetaja hali ya hewa. "Nitaenda kula kwetu."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi Mungu anajua."

Claudette pia alijua. Mama yake akipanda gari hilo, hatarudi. Atameza vidonge vilivyobaki, kisha atakunywa mizizi, kisha siku moja simu italia. Mjomba wake alikwenda hivyohivyo: alianza na kidonda cha kidole cha mguu, akamaliza na jeneza. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa. Ama mama ale kabla ya saa saba, ama aondoke akafe.

Usidhani hakujaribu. Juzi Alhamisi alipika samaki wa mukeke na mboga za lengalenga, akafunga sufuria kwa kitambaa, akazunguka nyuma ya nyumba, akaja kwa mlango wa mbele akisema chakula kimetoka kwa rafiki yake wa kwaya. Mama alifunua, akanusa, akageuza kifuniko. "Hii kifuniko iko na alama ya kuungua," alisema. "Niliiona siku nilifika." Akafunika, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na Claudette akatamani ardhi immeze. Ijumaa alinunua chakula cha mkahawa wa karibu na mpaka. Kilikuwa kinaogelea kwenye mafuta ya mawese, na bahati mbaya Marie-Rose, mwuguzi wa mtaa wao, alikuwa anapita. Marie-Rose alimkaripia mbele ya watu mpaka wabadilisha pesa wakanyamaza kuhesabu, na chakula hakikumfikia mama.

Marie-Rose huyohuyo alipita tena asubuhi hii, akamtoboa mama kidole, akatazama kimashine chake, akamvuta Claudette pembeni.

"Mama Divine," alisema, maana Divine ndiye mzaliwa wa kwanza wa Claudette, "kidonge ya asubuhi alikunywa na nini?"

"Na maji."

"Sukari yake iko inashuka. Akianza kutetemeka ao kutoka jasho, mupe maji ya sukari na unikimbilie. Ya saa sita asiimeze bila kula. Na asiache kuimeza. Ale kwanza, umenisikia? Na si bintu ya kukaanga, si mayonezi, si chumvi mingi, si ndizi za kuiva."

"Sasa ale nini? Majani?"

"Hata majani, kama atayameza," Marie-Rose alijibu, akaondoka. Ana ulimi wa pilipili, lakini ni mtu wa kweli.

Claudette alibaki amesimama. Alitazama jiko lake. Hakuwa amewasha makaa tangu jana mchana. Awashie nani? Divine alikuwa kwa shangazi yake, ili bibi apate kitanda. Na Bonaventure, ah, Bonaventure! Huyo ndiye alikuwa anamchoma moyo zaidi. Bonaventure anafanya kazi bandarini Kalundu, anahesabu magunia yanayoshuka kwenye boti. Tangu Jumatano, kila jioni anaingia kwa mlango wa nyuma, anasukuma sahani, anasema, "Nilikula kazini," anakwenda kulala. Hatazami mtu. Claudette alikuwa ameshaelewa, au alidhani ameelewa: mwanaume amechoka na mama mkwe ndani ya nyumba yake, na hasemi. Basi nyumba nzima haina moto, mmoja hali kwa heshima, mwingine hali kwa hasira, na yeye katikati anafunua sufuria tupu.

"Mikate! Mikate ya moto!" mwanamke mmoja alipita barabarani na beseni kichwani.

Mama Pudentienne alisonya. "Batu ya Uvira! Banakula mukate, banapanguza mudomo, banasema bamekula. Mukate si chakula. Muntu anakula bugali."

Claudette aligeuka polepole.

"Umesema nini, Mama?"

"Nimesema bugali."

"Hapana, mbele ya bugali. Mukate si chakula?"

"Iko chakula kwa nani? Ni kintu ya kuchezesha meno."

Claudette alichuchumaa mbele ya mama yake, akamshika magoti yote mawili. Moyo ulikuwa unamwenda mbio. "Mama, nikuulize vizuri. Mukate ya huyu mama, iliokwa kwake, Bonaventure hajui hata sura yake. Iko na neno?"

"Neno gani? Ni mukate tu."

"Na kintu chenye hakikugusa moto ya Bonaventure, wala sufuria yake, wala sahani yake, na pesa ni yangu ya cherehani?"

Mama alimtazama kwa jicho moja. "Weye uko unanitega."

"Sikutegi. Nakuuliza."

Mama alifikiri. Alikuwa mwaminifu hata kwenye njaa yake, na hakutaka kusema uongo kwa upande wowote. "Hicho," alisema mwishoni, "hakina neno."

Lo! Claudette alinunua mikate miwili, akaacha kandambili moja barazani, akakimbia na moja mpaka kwenye duka la Ezéchiel. Njiani alikuwa anapiga hesabu kichwani. Mkate mtupu haumfai mgonjwa wa sukari, Marie-Rose angemla yeye mzima. Panatakiwa kitu ndani, kitu cha kushiba, kisichotaka moto. Samaki. Lakini samaki asiyetaka moto ni yupi? Mukeke anataka moto, ndagala wanataka moto, sangala anataka moto. Samaki asiyetaka moto ni yule aliyekwisha kupikwa kiwandani.

"Nipe kopo la thon," alimwambia Ezéchiel, akihema.

Ezéchiel aliweka viwiko juu ya meza. "Mama Divine, ziwa iko pale. Mukeke zinaruka zenyewe. Na weye unataka samaki ya bahari, ya mu kopo? Watu wa pwani wanamwita jodari, wanamla kwa sherehe. Muko na sherehe?"

"Tuko na msiba kama hauharakishe. Nipe."

"Ya mafuta ao ya maji?"

Alisita. Mafuta hapana. "Ya maji."

"Na mayonezi? Thon bila mayonezi ni kama harusi bila ngoma."

"Sina haja na ngoma," Claudette alisema, akaweka pesa, akaondoka kabla hajarudishiwa chenji.

Alipofika alimimina maji ya kopo chini, akapasua mkate kwa vidole, akajaza samaki, akampa mama. Saa tano ilikuwa imepita. Mama Pudentienne alikaa vizuri, akageukia barabara ili awe amekaa nje hasa, si kwa mkwe, akafanya ishara ya msalaba, akauma. Alitafuna. Akatafuna tena. Claudette alikuwa anatafuna pamoja naye, bila kitu kinywani.

Mama alishindwa. Alitoa lile tonge kwa adabu, akalificha kiganjani.

"Mwanangu, usikasirike. Ni kama nakula pamba. Inafika hapa," alijigusa koo, "inakataa."

"Jikaze, Mama. Mara mbili tu."

"Nilijikaza. Muntu mugonjwa mate yake ni kidogo."

Na kweli mdomo wake ulikuwa umekauka, mweupe kama wa mtu aliyetembea kutoka mbali. Claudette aliuona. Hofu ilimpanda kutoka miguuni. Aliupokea mkate, akautupia kuku, akaingia ndani bila kujua anafuata nini.

Alikuwa anajua. Juu ya kabati palikuwa na chupa ya mayonezi ya Bonaventure. Bonaventure anapenda mayonezi mpaka inatia aibu. Anaipaka hata kwenye muhogo. Nusu ya samaki ilikuwa bado kwenye kopo. Kijiko kimoja cha mayonezi, kimoja tu, na yule samaki mkavu angeteleza kooni kama maombi ya mtoto. Mama asingejua. Alifungua chupa. Alichota. Kijiko kilikaa hewani.

Kisha akakumbuka kile kifuniko chenye alama ya kuungua, na machozi ya mama. Alikwisha kumdanganya mara moja. Sasa amdanganye tena, kwa kitu cha mkwe wake, tena kitu ambacho mwuguzi amekikataza kwa jina? Alirudisha mayonezi kwenye chupa, akaifunga kwa nguvu mpaka kiganja kikauma, akajitukana kwa Kifuliiru, lugha anayoitumia kwa matusi na sala tu.

Kitu laini. Fikiri, we mwanamke. Kitu laini kisicho cha kiwanda.

Avoka! Nyuma ya ua wa Domitille kulikuwa na mti wa avoka uliojaa maparachichi mpaka matawi yanalia. Domitille ni ukoo. Avoka la Domitille ni avoka la mama, hata baba askofu asingepinga. Claudette alipanda juu ya tofali, akaangusha moja, likawa gumu. Akaangusha la pili, gumu. La tatu lilikuwa limeanguka lenyewe usiku, liko kwenye majani, laini, zima. Alilibusu. Bustani ya Domitille ilikuwa na seleri pia na mche wa pilipili, akachuma. Tomati, kitunguu, ndimu na chumvi kidogo alinunua kwa mama wa meza ng'ambo ya barabara.

Alipanga vyote juu ya cherehani. Akanyoosha mkono kuchukua kisu ndani, na mama akakohoa.

"Kisu ni ya nani?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Claudette alivuta pumzi, akafungua droo ya cherehani, akatoa wembe mpya anaokatia nyuzi, akauosha kwa maji na ndimu. Kwa wembe huo alikata kitunguu chembamba mpaka ungesoma barua kupitia kwake, akakiosha ili ukali uishe. Akaikata tomati, akazitupa mbegu zenye maji. Akaikata seleri. Avoka akalivunja ndani ya bakuli la mama mwenyewe, lile la karanga, akalisaga kwa vidole vyake vilivyooshwa, akakamulia ndimu nzima, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, pilipili kidogo tu ili ulimi uamke. Akamwaga samaki. Akachanganya. Avoka likamshika samaki, ndimu ikawaamsha wote wawili, na harufu ikapanda. Hata yeye mwenyewe, ambaye alikuwa hajakumbuka tumbo lake tangu asubuhi, alimeza mate.

Mkate wa pili aliupasua, akatoa ile nyama nyeupe ya ndani yote, kwa sababu ya sukari, akabakiza ganda kama mtumbwi. Akaujaza mpaka juu.

"Nimemaliza bintu vyote, Mama. Kopo imekwisha, mukate imekwisha, na minye nimekwisha. Ukiikataa hii, nitakufunga kamba."

Mama Pudentienne aliupokea kwa mikono miwili. Akauma kidogo, kwa woga. Akaacha kutafuna, macho yakiwa juu. Akatafuna tena. Akauma tena, na safari hii hakuwa na woga wowote.

"Kumbe," alisema, kinywa kimejaa.

"Kumbe nini?"

"Kumbe batu ya Uvira si bajinga sana."

Claudette aliangua kicheko, akaketi chini kwenye udongo. Ilikuwa saa sita na dakika chache. Mama aliuma mara ya tatu, ya nne. Alipanguza ndimu kwenye kidevu. Alifika nusu ya mkate, akatulia, akalitazama fungu lake la nguo, akalisogeza kwa mguu mpaka nyuma ya mkeka.

"Alhamisi si mbali," alisema.

Claudette alimimina maji kwenye kikombe cha mama, akaingia kuchukua kidonge. Alikuwa ameshakishika aliposikia pikipiki ikifunga breki mbele ya nyumba, na sauti ya mwanaume inaita, "Hodi! Mama Divine! Njoo, nisaidie!"

Alitoka mbio. Juu ya pikipiki walikuwa watatu: dereva mbele, Gaspard nyuma, na katikati yao Bonaventure, kichwa chake kimelala kwenye mgongo wa dereva. Gaspard ni mwenzake wa bandarini, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, lakini leo sauti yake ilikuwa imepungua. Walimshusha Bonaventure. Miguu yake iliburuta. Walimlaza kwenye mkeka, ule mkeka mmoja tu uliokuwepo, na Mama Pudentienne akaruka pembeni, akageukia ukuta, akauficha mkate ndani ya kitenge.

"Nini? Nini imemupata?" Claudette alimshika mume wake mashavu. Yalikuwa na jasho la baridi. "Bonaventure! Ni nini? Gunia ilimuangukia?"

"Gunia gani," alisema Gaspard. "Ni njaa."

"Njaa? Anakulaga kazini!"

Gaspard alimtazama, kisha akautazama ule mgongo uliogeukia ukuta, akashusha sauti. Hata akishusha, sauti ya Gaspard inafika ng'ambo. "Shemeji, huyu muntu hajatia kintu mu kinywa tangu Jumatano. Chai kavu tu. Sisi tukinunua bugali, yeye anatoka nje. Nilimuuliza: Bona, uko unafunga sala gani? Akanijibu: mama mukwe wangu anashinda njaa mu nyumba yangu, sababu ya kuniheshimia. Sasa minye nitamezaje bugali? Nikimeza, ninakuwa muntu wa namna gani? Njo vile alisema. Leo alikuwa anahesabu magunia, akafika mia moja na kumi na nne, akaanguka."

Claudette alifunga mdomo kwa kiganja. Siku tatu alikuwa akimhukumu mtu huyu usiku na mchana. Siku tatu alikuwa akimtazama mgongo kitandani akisema moyoni, una roho mbaya, mama yangu amekukosea nini. Alisikia aibu, na hasira pia, hasira kubwa kwa wote wawili, na upendo uliochanganyika humo mpaka hakujua ampige nani.

"Iko na chakula kidogo?" Gaspard aliuliza. "Hata uji."

Chakula! Moto haukuwepo. Sufuria ilikuwa tupu, alikuwa ameifunua mara kumi na moja. Kopo lilikuwa tupu, bakuli lilikuwa limepanguzwa kwa kidole. "Nakimbia kwa Ezéchiel," alisema, akasimama, akazunguka, akatafuta kandambili ambayo hakuwa na haja nayo.

"Claudette. Simama."

Mama Pudentienne alikuwa amegeuka. Claudette hakuwahi kuona jambo hilo. Mama yake alikuwa amegeuka mzima mzima, uso, kifua na magoti, kuelekea kwa mkwe wake. Akapiga magoti kwenye ncha ya mkeka. Kikombe cha maji kilikuwa mkononi. Alimwinua Bonaventure kichwa kwa mkono wa kushoto, akamnywesha mpaka tone la mwisho. Kisha akautoa mkate kwenye kitenge, nusu iliyobaki, yenye alama za meno yake.

"Kula," alisema.

Bonaventure alifumbua macho. Alipoona ni nani amemshika, alijaribu kugeukia upande mwingine, akakosa nguvu, akafunika uso kwa mkono. "Hapana, Mama," alisema, sauti inatoka mbali. "Minye siwezi. Ni yako. Weye hauyakula siku tatu, minye nile weye unaangalia? Hapana. Mungu ananiona."

"Anaona na minye."

"Ukule weye kwanza, Mama. Weye ukikula, nitakula."

Dereva wa pikipiki alizima injini. Barabarani magari ya mpakani yalikuwa yanapita na vumbi lao, na mtu mmoja wa kubadilisha pesa alikuwa anapiga kelele ya bei ya franka za Burundi. Claudette aliona shingo ya mama yake ikibadilika rangi. Mwanamke huyo alikuwa amezaa watoto saba, amezika watatu, amevuka mito ya bonde kwa miguu akiwa na mimba, na Claudette hakuwahi kumwona anaogopa kitu kama alivyoogopa wakati huo kipande cha mkate.

Mama Pudentienne alisogeza mkono wa Bonaventure kutoka usoni, taratibu, mpaka wakatazamana. Miaka tisa, na ndiyo mara ya kwanza anajua mkwe wake ana kovu dogo juu ya jicho. Akaupeleka mkate kinywani mwake mwenyewe. Akauma, palepale, mbele yake, mbele ya Gaspard na dereva na barabara yote ya Kavimvira. Akatafuna. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, na aliendelea kutafuna, akahakikisha mkwe wake anaona, akameza.

"Umeona?" alisema. "Nimekula kwako. Aibu nitaisikia kesho, baba. Sasa kula."

Bonaventure alifungua kinywa. Alikula kutoka mkononi mwa mama mkwe wake, tonge lake, tonge la mama, tonge lake, na avoka likampaka kwenye masharubu, naye analia kama mtoto bila kutoa sauti. Gaspard aligeuka akaanza kuikagua pikipiki ya mtu mwingine.

"Mama," Claudette alisema. "Kidonge."

Mama Pudentienne alinyoosha mkono bila kugeuka, akakipokea, akakimeza kwa mate tu, kwa sababu maji yote alikuwa amempa mkwe wake.